Baba Hakuwa na Sauti Tamu

Siku ya ishirini baada ya maziko, saa nne asubuhi, mjane alimsikia mume wake akiimba chumbani. Wimbo ulikwenda sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo alipojua kwamba si yeye.

Mume wake alikuwa mkutubi kwa miaka thelathini na mmoja, na alipenda muziki kuliko chakula. Kanda zake zilijaa makasha manne chini ya kitanda, kila kanda na namba yake na kadi yake, kama vitabu vya kazini. Maktabani hakutaka mtu apige chafya mara mbili. Nyumbani, akishavua viatu tu, anaimba. Lakini Mungu aliyempa masikio alimnyima koo. Akianza, kuku wa jirani walitawanyika.

"Baba Nukta, mwonee huruma aliyeutunga wimbo huo," mkewe alikuwa akimwambia. Naye alizidisha sauti.

Mjane aliweka chini kisu cha vitunguu, akaenda chumbani. Redio ya kanda ilikuwa imezimwa, hata waya wake haukuwa ukutani. Palikuwa na harufu nzito ya manukato, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua. Marehemu, maisha yake yote, alinuka gundi na vumbi la karatasi.

Kitandani alikaa binti yao wa pekee, wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa mdogo mno, ndiyo maana baba yake akamwita Nukta.

"Mama, umemsikia baba?" alinong'ona huku akitabasamu. "Siku hizi anaimba vizuri."

Sauti ya mtoto ilikuwa ikikwaruza kidogo. Mama alidhani ni mafua.

Hayakuwa mafua. Kila siku sauti ya chumbani ilizidi utamu, na kila siku sauti ya Nukta ilififia. Mtoto akaacha kula. Akaacha kwenda shule. Alikaa tu pale kitandani, akielekeza sikio ukutani.

"Anasema nimfungie mlango," alimwambia mama yake siku ya tano tangu wimbo uanze, kwa sauti kama karatasi inayochanika. "Tukiwa wawili tu, tutaimba pamoja."

Mjane alimwita mwalimu wa madrasa aliyewafundisha sala. Mwalimu aliusoma kwanza wasifu wa marehemu, uliotundikwa sebuleni ndani ya fremu, kisha akaingia chumbani akamwombea mtu huyo mpole, mwenye sauti tamu, apumzike kwa amani. Alipomaliza, kitu kiliitikia nyuma ya kabati, kwa madaha: "Amina."

Mwalimu alitoka mbio. Kiatu kimoja alikiacha.

Alasiri ya siku ya saba Nukta alifungua mdomo kuomba maji, hapakutoka kitu ila pumzi, akajaribu tena huku machozi yakimtoka, na wakati huohuo, nyuma ya kabati, sauti ya mwanamume ilianza wimbo ule na sauti ya msichana ikaupokea, sauti ambayo mjane aliijua tangu kilio chake cha kwanza, ikiimba kwa furaha mahali ambapo hapakuwa na mtu, huku mwenyewe amekaa kitandani akishika koo lake kwa mikono miwili.

Mjane alimbeba mwanawe hadi sebuleni. Akaegemea ukuta, na mkono wake ukagusa ile fremu. Akausoma wasifu. *Alikuwa na sauti tamu. Alinukia daima. Hakuwahi kumkasirikia mtu.* Akaurudia. Kila kilichokuwamo chumbani kilikuwa kimeandikwa pale.

Alimpigia simu mpiga chapa wa maktaba, rafiki wa marehemu aliyeuandika wasifu. Alifika anahema.

"Shemeji, nani alikwambia mume wangu alikuwa na sauti tamu?"

"Shemeji yangu, marehemu hasemwi vibaya," alijibu chini chini, macho yake mlangoni mwa chumba. "Nilimpamba kidogo tu."

"Umempamba mpaka amekuwa mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine amehamia kwangu."

Mumewe alikuwa na msemo wake wa kazini: kadi ikikosewa, kitabu kimepotea hata kama kiko kabatini. Shati lake bado lilining'inia nyuma ya mlango wa sebule. Mjane alitoa mfukoni mwa shati penseli nyekundu ambayo marehemu alisahihishia kadi, akamshika mwanawe mkono, akaingia chumbani na ule wasifu. Mlango ulijifunga nyuma yao.

"Bismillahi," alisema, akachora mstari wa kwanza. "Mume wangu hakuwa na sauti tamu. Aliimba kama sufuria inayokwanguliwa."

Kabati lilitikisika. "Mke wangu," ile sauti ilibembeleza, "mbona unaniaibisha?"

"Hajawahi kuniita mke wangu. Aliniita Mama Nukta, na tukigombana, wewe mwanamke." Akachora tena. "Hakunukia. Alinuka gundi, na nililala nayo miaka ishirini na mitatu. Naitaka hiyo."

"Alikuwa na hasira!" mpiga chapa alipiga kelele nje ya mlango. "Niliweka kikombe cha chai juu ya kamusi, akaninunia wiki nzima! Ya pili akaniletea chai mwenyewe, na kisahani!"

Harufu ya nywele ilizidi hadi macho yakawawasha. Mjane hakunyanyua penseli.

"Huyu mtoto alipopata homa, alikesha naye siku tatu, anamwimbia. Na huyu mtoto alimwambia nini? Sema, Nukta. Wewe ndiye uliyemwambia. Mungu ni shahidi, sema!"

 Midomo ya Nukta ilicheza bila sauti. Kisha:

"Nilimwambia... baba, nimepona. Nyamaza."

Akacheka. Kicheko kilitoka kikikwaruza, lakini kilikuwa chake. Akauanza wimbo ule, akaukosea palepale alipokuwa akiukosea baba yake. Nyuma ya kabati kitu kililia kama mbwa aliyekanyagwa. Dirisha lilifunguka kwa kishindo, manukato yakatoka, na mlango ukaachia.

Wasifu umerudishwa ukutani na mistari yake myekundu, na mjane humwombea mumewe kila siku, yule halisi, kwa makosa yake, maana Mungu hahitaji kudanganywa ndipo arehemu. Lakini wageni hawakosekani. Juzi jirani alikuja kusalimu, akakaa, akashusha pumzi.

"Yule hakuwa mtu, dada. Alikuwa malaika."

Chumbani mtu alisafisha koo, taratibu, kama anayejiandaa kuimba.

Jirani aliganda na kikombe mkononi. Mjane hakugeuka hata kutazama.

"Alikuwa anakoroma!" alisema kwa sauti kubwa. "Nukta, mwambie!"

"Kama trekta!" Nukta aliitikia kutoka jikoni.

Chumba kikanyamaza.