Gagulo Lenye Pengo

Pindo la gagulo lilikuwa limelowa, na hakuna mtu aliyekuwa amelivaa.

Thirza Hallam alilishika kwa vidole viwili, akalinusa. Lilinuka tope, moshi wa mafuta ya kondoo, na kitu kingine kama maziwa yaliyochacha. Gagulo lenyewe lilikuwa jipya, alilimaliza Jumanne tu, na tangu hapo lilikuwa limevikwa ile sanamu ya kupimia nguo katika chumba cha kushonea. Dirisha lilikuwa limefungwa. Dari haikuvuja. Alichukua mashine ya kukaushia nywele, akalikausha, kisha akaenda kupasha moto maziwa ya mtoto. Zamani jambo kama hilo lingemtoa mbio hadi barabarani. Sasa halikumgusa.

Ilikuwa miezi minne tangu binti yake, Linnet, afariki siku mbili baada ya kujifungua. Baba wa mtoto hakujulikana alikoishia. Kitoto chenyewe, Imogen, kikaletwa kwa bibi yake hapa Skipton, na Thirza akakilisha, akakiogesha, akakibadilisha nepi kwa saa, wala hakukionea uchungu wala furaha. Mazikoni hakutoa chozi. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Afadhali lingekuwa jiwe. Kifuani mle palikuwa patupu. Alilijua hilo, na kitu kimoja tu ndicho kilichomsumbua: kwamba mtoto atakua, na siku moja atajua kwamba hapendwi.

Basi akajizika katika kushona. Sisi tunaoshona nguo za miaka ya elfu moja na mia saba ni watu wa ajabu kidogo, nakiri. Tunaweza kugombana mchana kutwa juu ya rinda moja. Thirza alitutia sote mfukoni. Majira yale ya baridi alichimba habari za magagulo: ya hariri, ya kitani, yaliyojazwa sufu katikati, yenye mpasuo ubavuni wa kupitishia mkono kufikia mfuko. Mwishowe Bwana Pickersgill, mtunza ghala la makumbusho, akamruhusu kupima moja kwa mkono wake. Glavu mkononi, penseli tu, kalamu ya wino marufuku.

Lilikuwa la sufu ya buluu. Kwenye pindo palikuwa na pengo la mraba, upana wa kiganja.

"Panya?" aliuliza Thirza.

"Panya gani anakata mraba, mama? Huo ni mkasi." Bwana Pickersgill alishusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Kule London kulikuwa na nyumba ya kulelea watoto. Mama asiyejiweza alimpeleka mwanawe, akakata kipande cha nguo yake kikabaki na mtoto. Akija siku nyingine na nguo iliyokatwa, vikikutana vikalingana, mtoto ni wake. Haulizwi zaidi."

"Huyu alirudi?"

"Wengi hawakurudi. Ama walirudi, wakaambiwa mtoto ameshakufa."

Thirza aliandika vipimo vya pengo, ili naye ashone lake vilevile.

Alhamisi, siku yetu ya kushona pamoja, Beryl Ackroyd alipoliona gagulo jipya alishika kiuno.

"Shoga, umelikata? Nguo mpya, miezi miwili ya mkono, umeitia mkasi?"

"Lilikuwa hivyo."

"Lilikuwa hivyo! Na lingekuwa na chawa, ungewatafuta uwatie? Mhesabu mishono wewe! Kipande kiko wapi?"

"Kwenye blanketi la mtoto."

Beryl alishusha mikono. Blanketi lile la viraka Linnet alilianza akiwa mjamzito, likabaki kupungua kiraka kimoja. Kwa fundi, kitambaa hakitupwi. Thirza alikuwa ametafuta kiraka cha kuziba nafasi, akakipata, akashona. Ndivyo tu. Hakuna aliyefikiria zaidi, hata mimi.

Wiki iliyofuata pindo lililowa mara tatu. Kisha ikaja alasiri ya mvua, saa kumi, Beryl akingojewa kwa chai. Thirza alikuwa akipiga bandi mkono wa gauni. Juu ya meza kilikuwepo kile kidude cha kusikilizia mtoto, na ndani yake Imogen alisikika akipumua huko juu. Halafu ikasikika nguo ikiburuzwa sakafuni, pole pole, ikasimama, ikaendelea, na sauti ya mwanamke, iliyokauka kama ya mtu aliyetembea siku nyingi bila maji, ikaita, "Kezia. Kezia."

Thirza aliinua macho. Sanamu ilikuwa tupu.

Alipanda ngazi akiwa na sindano bado mkononi, na kila kidato kilikuwa kimelowa, na ile harufu ya maziwa yaliyochacha ikazidi kadiri alivyopanda, hata alipousukuma mlango akamwona mwanamke ameinama juu ya kitanda cha mtoto, miguu mitupu yenye tope, gagulo la buluu kiunoni, amelishika pindo kwa mikono miwili na kulishusha juu ya blanketi, akilisogeza huku, akilisogeza kule, akitafuta pengo lilipokutana na kiraka.

Hakugeuka. Aliuliza tu, kwa unyonge, "Ana mwenyewe, huyu?"

Hapo ndipo Thirza alipoogopa kwelikweli, kwa kuwa aliona pengo limebakiza upana wa kidole likutane na kiraka. Alirukia kamba za kiunoni akazivuta. Mikononi mwake likabaki gagulo peke yake, zito, la baridi. Akalivaa juu ya suruali yake, akalifunga mafundo mawili, akapiga magoti, akaliweka pengo juu ya kiraka. Vikalingana.

"Wangu," alisema. "Wangu huyu!"

Kikamvunjika kitu kifuani, akalia kwa sauti, akamkumbatia mtoto kama anayetaka kumrudisha tumboni.

Beryl alimkuta hivyo. Naye akalia.

"Afadhali, shoga. Afadhali umelia. Tulikuwa tunakuogopea."

"Nimemtafuta sana," alisema Thirza, akimbusu mtoto utosini. "Nimetembea sana, Kezia wangu."

"Kezia nani?" Beryl alijifuta macho. "Thirza? Vua hilo ligagulo, linachuruzika maji. Nipe Imogen nimshike. Imogen! Imo, njoo kwa shangazi!"

Mtoto hakutikisika.

"Kezia," aliita Thirza, taratibu.

Mtoto akageuza kichwa, akacheka.