Cassien Anatafuta Kibali

Cassien analima maharage katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Asubuhi yeye na mkewe Marcienne hupalilia pamoja. Jua likipanda hurudi nyumbani, Marcienne akainjika mihogo, na Cassien akatengeneza baiskeli za majirani. Mambo haya yalitokea katika mwaka wao wa pili hapa. Hadi wakati huo Cassien alikuwa hajatoka nje ya makazi hata mara moja.

Msidhani ni uvivu. Familia hii ni ya Warundi. Kabla ya kuja Uganda waliishi katika kambi ya nchi nyingine. Kule, kutoka bila kibali lilikuwa kosa. Thaddée, mdogo wake Cassien, alitoka kutafuta kuni akafungwa. Tangu siku hiyo, safari ikitajwa tu, Cassien alikuwa akitafuta sababu ya kubaki. Mimi simcheki.

Sasa binti yao Inès alipata nafasi katika shule ya ufundi mjini Mbarara. Angejifunza umeme. Shule ilitaka afike Jumatatu pamoja na mzazi. Asipofika, nafasi ingechukuliwa na mwingine.

Marcienne alifurahi mpaka akaimba. Cassien akauliza, "Kibali tutakipata wapi?"

Akaanza kuulizia. Kwenye bomba la maji aliambiwa kibali kinatolewa na polisi. Baada ya misa, Léopold wa kwaya alimwambia wanafunzi hawahitaji kibali, ila wazazi wanahitaji. Mama mmoja aliapa kwamba mkimbizi akilala nje ya makazi, jina lake linafutwa kwenye orodha ya chakula. Cassien alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Kila mtu alikuwa na uhakika, na hakuna wawili waliokubaliana.

"Basi asiende," alisema.

Inès aliingia ndani akalia. Marcienne hakubishana. Alifunga kitenge chake vizuri akaenda kumwita jirani yao Eugénie.

Eugénie ni Mkongomani wa Kivu Kusini, muuza vitenge. Yumo katika kamati ya wakimbizi, na aliwahi kufundishwa sheria na mawakili waliofika makazini.

"Papa Inès," alisema, "nasikia unakatalia mutoto masomo."

"Sikatai, mama. Natafuta kibali kwanza."

"Kibali ya nini?"

"Ya kutoka."

Eugénie alianza kucheka. Alipouona uso wa Cassien, akaacha.

"Sikia. Fasi hii haiko kama kule mulitoka. Uganda iko na sheria ya wakimbizi, ya mwaka elfu mbili na sita. Inasema mukimbizi anaweza kutembea ndani ya inchi. Anaweza kufanya kazi na biashara. Batoto betu banasoma shule ya musingi sawa na batoto ba Uganda, na banaweza kuendelea mbele. Mimi naenda Mbarara kila juma. Nani amenifunga?"

"Labda hawajakuona."

"Na huu mwili wangu wote?"

Marcienne alicheka sana. Cassien hakucheka.

"Na jina letu la chakula?" aliuliza.

"Linabakia hapa, kwa sababu munakaa hapa. Mutu akitaka kuhamia mujini kabisa, huyo aulize kwanza ku ofisi. Na kuvuka mupaka wa inchi ni mambo ingine, usifanye bila kuuliza. Lakini Mbarara? Beba kadi yako ya mukimbizi na barua ya shule, basi. Mutu akikuuzia kibali ya kutoka, huyo ni mwizi."

Cassien aliyaelewa maneno yote. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na kuamini ni kitu kingine.

Jumatatu asubuhi Cassien alivaa mashati mawili na koti. Marcienne akamuuliza kwa nini.

"Mahabusu kuna baridi," alijibu.

Alikuwa ameamua. Wamfunge wakitaka, lakini Inès afike shuleni.

Gari walilopanda yeye na Inès lilisimama katika mji mdogo wa Kaberebere kushusha abiria. Kando ya barabara alisimama askari, anakula hindi la kuchoma. Wala hakulitazama gari. Cassien alishuka mwenyewe, akamwendea.

"Afande, mimi ni mkimbizi. Nimetoka Nakivale bila kibali. Nakuomba, mtoto aendelee na safari. Mimi nitabaki hapa."

Askari aliacha kutafuna. "Ssebo, mzee, kibali gani?"

"Ya kutoka."

"Wewe nafanya makosa gani huko?"

"Hakuna. Nimetoka tu."

Askari akamtazama, akamtazama Inès dirishani. Sasa walikuwa wawili waliochanganyikiwa. "Leta kadi," alisema. Akaisoma, akairudisha. "Kadi iko sawa. Nyinyi nakwenda wapi?"

"Shuleni, Mbarara."

"Sasa kwenda basi! Mutoto nachelewa!"

Cassien alibaki amesimama mpaka abiria wakaanza kumpigia kelele. Alipopanda, Inès alimshika mkono. Sasa alijua baba yake alikuwa amekuja akiwa tayari kufungwa. Alilia kimya kimya mpaka Mbarara.

Shuleni, mwalimu mkuu aliandika jina la Inès na kumwonyesha bweni. Kisha akamgeukia Cassien.

"Mzee, siku ya wazazi ni Jumapili ya mwisho ya mwezi. Wewe takuja?"

"Mimi?"

"Ndiyo. Mzazi lazima kuja. Wewe kikosa, mutoto nalia, na mimi tauliza wewe sababu."

Cassien alichanganyikiwa kuliko siku zote. Miaka yote aliogopa kuulizwa kwa nini ametoka. Leo anaambiwa ataulizwa kwa nini hakutoka.

"Nitakuja," alisema.

Sasa Inès yuko mwaka wa pili wa masomo, na ameshaanza kufunga nyaya za umeme kwenye nyumba za watu. Cassien hupeleka maharage yake Mbarara na kuyauza mwenyewe, kadi ikiwa mfukoni. Akiona polisi, bado huigusa kuhakikisha ipo. Lakini Jumapili ya wazazi ikifika, yeye hufika kabla mlinzi hajafungua lango.