Kadi Zilizokatwa Pembe

Hadi bin Awadh alikuwa mtu wa kujipenda, na sisemi hivyo kwa ubaya. Kwao Kisauni walikuwa na maduka tangu enzi za babu yao, na alipotokea mmoja wao akaacha mizani na kwenda kushika mashine za Wazungu, ukoo mzima ulijiona umepanda daraja. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake Magongo, suruali imepigwa pasi mkunjo umesimama, akashuka mpaka Port Reitz kwenye ofisi ya kampuni moja iliyokuwa ikiandika makuli wa gatini. Huko alikuwa karani wa kadi. Barazani kwenye kahawa, akiulizwa kazi yake ni ipi, alijibu polepole ili wote wasikie: "Mimi nazungumza na mashine."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kuli alikuwa na kadi yake ngumu, imetobolewa matundu ya jina, nambari na kundi lake. Mashine ilizipitia kadi, ikachagua watu wa zamu, ikapiga majina yao kwenye karatasi, na alfajiri majina hayo yakaitwa langoni. Kuli akifa, karani aliitwaa kadi yake akaikata pembe moja kwa mkasi. Mashine ikikuta kadi iliyokatwa pembe, iliiruka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazishi ya ofisi kwa mtu wake.

Mwaka wa 1961 ikaletwa mashine mpya. Kadi za zamani ilizikataa, zilikuwa fupi kwake, yenyewe ilitaka ndefu. Fundi Mzungu aliyetoka Nairobi akaweka na mtambo mdogo wa kunakili, wa kuyachukua matundu ya kadi fupi na kuyatoboa kwenye ndefu. Kadi ndefu zote zilikuja zimekatwa pembe tangu kiwandani, ili mtu aone kwa jicho moja kwamba zimelala upande mmoja. Kwa mashine ya zamani pembe iliyokatwa ilikuwa ni mauti. Kwa hii mpya ilikuwa ni kadi iliyokaa sawasawa, tayari kwa kazi.

Fundi alilieleza hilo kwa Kiingereza cha mbio, sigara mdomoni. Alitaja jambo la kufanywa kwanza kabla ya kunakili. Hadi alilidaka neno la pembe na neno la kwanza, yaliyobaki yakampita. Fundi akauliza kama kuna swali. Kando yao alikuwa amesimama Gershom, mwita majina, mtu wa bara aliyeanza kazi juzijuzi, na jana yake tu Hadi alikuwa amemtambia kwamba Kiingereza kwake yeye ni chai ya asubuhi. Aulize vipi mbele yake?

"Hakuna swali, bwana," akasema.

Kuuliza si ujinga, hilo alifundishwa tangu chuo cha Kurani akiwa na kibao mapajani. Lakini aliona haya, na haya ikamshinda.

Akanakili kadi zote. Mkono wake ulipozifikia kadi za marehemu ulisita kidogo. Zilikuwa chache. Akajiambia mashine mpya ina akili kuliko ile kuukuu, itajua yenyewe. Zikaingia fupi zimekatwa pembe, zikatoka ndefu zimekatwa pembe, sawa na wenzao walio hai. Akazichanganya.

Jumatatu alfajiri Gershom alisimama langoni na karatasi yake. Hadi alikuwa dirishani na kikombe cha kahawa. Majina yakaitwa, watu wakaitika, kila mmoja akapokea kibati chake cha shaba cha kuingilia gatini.

"Ishaka Faki."

Kahawa ilimkaukia Hadi mdomoni. Ishaka Faki wa Mtongwe alikufa mwaka uliopita, mzigo ulikatika kamba ukamwangukia. Hadi alimsalia, akamtia mchanga kwa mikono yake, maana mkewe, Mwanarehema, alikuwa mzaliwa wa Mtongwe na marehemu alikuwa jirani yao ukuta kwa ukuta. Na kwetu jina la maiti halitajwi tupu. Mtu husema marehemu Ishaka, hata kama ana haraka. Ukimwita tupu, tena alfajiri, tena kwa sauti ya kumtaka kazini, hapo unamtafuta. Gershom mtu wa bara angejuaje.



"Ishaka Faki," Gershom akarudia.

"Naam," ikajibu sauti kutoka nyuma.

Hakuna aliyegeuka. Makuli wa saruji hulikunja gunia wakalivaa kichwani kama kofia, likafunika uso. Mmoja wa waliovaa hivyo akapita katikati ya watu, nao wakampisha. Akanyoosha mkono. Gershom akampa kibati, kisha akajifuta kiganja kwenye suruali.

Hadi angeweza kufungua dirisha. Lilihitajika neno moja tu, nimekosea. Lakini neno hilo lingefika kwa meneja, lifike barazani, livuke mpaka Kisauni. Akajiambia majina ya watu hufanana, akaenda kuketi.

Kesho yake jina likaitwa tena. Na kesho kutwa.

Alijaribu kuitafuta kadi aitoe kwa siri. Alibaki ofisini wenzake walipokwenda kula, akazipekua zote, moja moja. Haikuwamo. Alfajiri iliyofuata mashine ililipiga jina vilevile. Na wale marehemu wengine, zamu za makundi yao zilikuwa bado zinakuja.

Jioni moja Rama alikuja Magongo kula. Rama alikuwa mdogo wake Mwanarehema, kuli kwenye gati hiyohiyo, na Hadi ndiye aliyemtafutia kazi. Alikuwa kijana wa mzaha, haingii nyumbani bila kumchokoza dadake. Siku hiyo alikaa mkekani, wali ukapoa mbele yake.

"Shemeji, nitafutie mwenzangu mwengine," alinong'ona. "Huyu simwezi."

"Mwenzako nani?"

"Simjui. Ana gunia usoni. Twabeba wawili wawili, yeye kichwani, mimi miguuni mwa mzigo. Hali. Hanywi maji. Mkono wake baridi." Akamtazama dadake. "Na anuka kafuri."

Mwanarehema akaacha kula. Kafuri ndiyo waliyompakia Ishaka walipomvika sanda, na nyumba yao ya Mtongwe ilinuka kwa siku nyingi.

"Mwanatabu asema mlango wake wafunguka wenyewe kila alfajiri," akasema taratibu. Mwanatabu alikuwa mjane wa Ishaka. "Yuwautia komeo, na yuwaukuta wazi. Kama mtu alotoka kwenda kazini."

Hadi akasema mchuzi una chumvi nyingi. Mchuzi haukuwa na chumvi nyingi, na Mwanarehema alilijua hilo, akamkazia macho mpaka akainamisha kichwa.

Rama akaanza kukonda. Homa ilimshika, haikumwacha. Hata hivyo kila alfajiri aliinuka, akaenda. Alisema miguu inakwenda yenyewe. Alhamisi alirudi bega lake limetapakaa udongo mwekundu, na gati lile lote ni saruji na mawe. Akamshika Hadi mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Leo kasema."

"Nani?"

"Mwenzangu. Kaniuliza, nani alonita? Nikamwambia sijui. Kasema, alonita na aje aniruhusu. Asipokuja, kesho Ijumaa n'tarudi kwangu. Kasema safari hii harudi peke yake." Midomo ya Rama ilikuwa imepasuka. "Shemeji, nani alomwita?"

Jibu lilikuwa ulimini mwa Hadi. Mwanarehema alikuwa mlangoni, anasikiliza.

"Mashine," akasema. "Mashine mpya ina kasoro."

"Mashine yaita mtu?" Mwanarehema akauliza.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, na hata hivyo hakumjibu. Kijana anakufa mkekani pake, naye anapima watu watasemaje.

Alfajiri ya Ijumaa alifika langoni kabla ya mtu yeyote. Huo ndio uliokuwa ujanja wake. Alikuwa amekubali kuomba radhi, lakini amwombe maiti peke yake, asisikie mtu aliye hai. Akasimama kwenye giza la alfajiri, akashika nondo za lango, akanong'ona.

"Marehemu Ishaka. Ni mimi, Hadi. Nilikuita kwa kosa. Nimekuruhusu. Rudi ukapumzike."



Harufu ya kafuri ilitangulia. Kisha sauti, nyuma ya sikio lake.

"Sikusikii."

Hadi hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Uliniita kwa sauti," ikasema. "Mbele ya watu."

Alipoweza kugeuka hapakuwa na mtu. Palikuwa na barabara ya Port Reitz, na makuli wanakuja kidogo kidogo. Rama alikuwa miongoni mwao. Alitembea amejiinamia, na kando yake, bega kwa bega, alitembea yule mwenye gunia.

Gershom akafungua karatasi. Meneja alikuwa amesimama kwenye ngazi na kiko chake cha tumbaku. Majina yakaanza. Watu wakaitika. Hadi alisikia shati lake limegandana na mgongo.

"Rama Mbwana."

"Naam." Sauti haikuwa ya Rama. Midomo tu ndiyo ilikuwa yake.

"Ishaka..."

"Ngoja," Hadi akasema.

Akaingia katikati ya watu.

"Aliyemwita mtu huyu ni mimi," akasema kwa nguvu. "Si mashine. Si Gershom. Fundi alinieleza, sikuelewa, nikasema nimeelewa. Niliona haya kuuliza. Siku ya kwanza nilijua nimekosea, nikaona haya kusema. Marehemu Ishaka Faki, mimi Hadi bin Awadh ndiye niliyekuita. Nisamehe. Mwache kijana. Umeruhusiwa."

Mtu mmoja alikohoa kicheko akakikata katikati. Meneja alimtaka Gershom amtafsirie, Gershom akamtafsiria, yote, bila kupunguza, na meneja akampa Hadi mgongo. Hadi alisimama pale uso unawaka, akawaza kwamba afadhali ardhi immeze.

Gunia likaanguka.

Lilianguka chini, halikuwa na mtu ndani yake. Rama akaketi kwenye vumbi akalia kama mtoto aliyeamshwa ghafla. Ndani ya gunia mlikuwa na vibati vya shaba vya siku zote alizoitwa, vimeshikamana kwa udongo mwekundu, na kipande cha pamba kilicholowana. Gershom aliviita vibati mali ya kampuni, lakini hakuvigusa. Vilifukiwa palepale.

Hadi aliingia ofisini azitafute kadi za marehemu wote azitoe, hata kama ni kazi ya mwezi. Hakuhitaji. Zilikuwa mezani, zimepangwa safu moja, zote zimelala ubavu mmoja. Alizitazama kwa muda kabla hajatambua kwamba zimeelekea kibla. Kila moja ilikuwa na pembe ya pili iliyokatwa, na mkato ulikuwa na unyevu. Mkasi wa ofisi ulikuwa umefungiwa kwenye droo ya meneja tangu mashine mpya ilipokuja.

Ya mwisho kwenye safu haikuwa na jina. Haikuwa na tundu hata moja. Ilikuwa kadi tupu, imekatwa pembe zote mbili.

Hakuthubutu kuitupa. Akaitia mfukoni, na nyumbani akaifungia sandukuni chini ya kanzu za Idi. Kazini walimhamishia stoo, na barazani, alipokuja, mazungumzo yalikatika kidogo kisha yakaendelea juu ya jambo lingine. Hilo alilivumilia. Rama alipona, akaacha gati, na tangu siku hiyo ukimwita mara moja haitiki. Anangoja ya pili, tena akuone uso.

Desemba ya uhuru ilipofika, kampuni iliwapa watu mapumziko. Magongo yote ilikuwa nje, watoto na bendera za karatasi. Hadi alifungua sanduku atoe kanzu. Akaiona kadi, akaiinua ikaelekea mwanga wa dirisha.

Ilikuwa na tundu moja.

Tundu dogo, safi, mahali pake hasa. Hadi alisoma matundu miaka mingi kama wengine wanavyosoma herufi, na hili hakuhitaji kulisoma mara mbili. Ndilo lililoanza jina lake mwenyewe.

"Watazama nini?" Mwanarehema akauliza kutoka ukumbini.

Aliona haya kumwambia.

"Hakuna kitu," akasema, akairudisha chini ya kanzu.