Mstari Alioukata Noella

Kila siku masomo yalipokwisha, Noella alirudi kwao Kimanga, mtaa wa Uvira, akavua sare, akala ugali wake na mboga ya sombe akiwa amesimama, kisha akakimbia kurudi shuleni. Mama yake alikuwa amechoka kumwambia aketi. Mtoto huyo akishaingiwa na jambo kichwani, hata chakula kinakuwa kikwazo.

Jambo lenyewe lilikuwa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mkuu wa shule. Humo mlikuwa na kompyuta nne kuukuu zilizounganishwa kwa nyaya. Miaka ya karibuni ziwa lilikuwa limepanda na kuingia katika nyumba za watu wa Kalundu, na Mwalimu Rénovat, aliyewafundisha hesabu, alitaka wanafunzi wake wapige hesabu ya mahali maji yangefika kama yangepanda tena. Kompyuta moja peke yake ingehangaika na kazi hiyo kwa muda mrefu mno. Nne zikifanya kazi kwa pamoja, kila moja na kipande chake cha pwani, zingeimaliza kwa mchana mmoja. Jumamosi wazazi wangekuja kuona.

Programu ya kazi hiyo haikuja tayari kama zile za kwenye simu. Ilikuja ikiwa maandishi matupu, faili nyingi ajabu, na ilibidi kompaila iyasome maandishi hayo na kuyageuza kuwa maagizo ambayo mashine inaelewa. Kompaila haina huruma. Ukikosea jambo dogo tu, inagoma, inakutupia mistari myekundu na kukuacha ukikuna kichwa. Sehemu moja ya faili hizo, ile ya kuziwezesha kompyuta kusemezana, ililetwa kwenye flashi na Aziza, rafiki wa Noella tangu darasa la kwanza. Kaka wa Aziza, Iddy, anayesoma Bukavu, ndiye aliyempa.

Sasa, umeme wa Uvira unaujua. Unakuja unapotaka na kuondoka bila kuaga. Kompyuta kubwa kati ya zile nne, iliyotunza faili zote, ilikuwa na betri ndogo ya saa iliyokufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika, tarehe yake ilirudi nyuma hadi mwaka 2009. Mwalimu aliweka sheria: anayeiwasha baada ya umeme kurudi aweke kwanza tarehe na saa, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Noella aliiona sheria hiyo kuwa usumbufu mtupu. Saa ina uhusiano gani na maji ya ziwa? Jumatano ile umeme uliporudi, aliwasha kompyuta na kuanza kazi moja kwa moja. Mwalimu Rénovat alichungulia mlangoni, mfuko begani. Pikipiki ilikuwa ikimngoja nje, maana baba yake alikuwa mgonjwa huko Nyakabere.

“Noella, saa umeisha kuweka?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Mwalimu akaondoka, na uongo ule ukabaki chumbani pamoja na Noella.

Mwanzoni haukumsumbua hata kidogo. Kompaila ilikuwa imegoma tangu jana yake kwa sababu kipande kimoja kilikosekana katika faili za Aziza, na Mwalimu alikuwa amemwelekeza namna ya kukiandika. Noella akakiandika, akahifadhi, akaanzisha kazi. Mstari mwekundu ukatokea: kipande hakipatikani. Akafungua faili. Kipande kilikuwa pale pale, herufi kwa herufi. Akaanzisha tena. Hakipatikani. Akakifuta, akakiandika upya taratibu, akiuma midomo. Hakipatikani.

“Minye nimeandika ile kipande, iko hapa,” alimwambia Aziza kwa hasira, “na yenyewe iko inasema haiko.”

Aziza akashauri wasome maandishi yote tangu juu, si mwisho tu. Noella akamjibu kwa ukali kwamba kosa liko chini, juu kuna maonyo tu. Lakini Aziza alipotoka kwenda kuteka maji ya kunywa, Noella alipanda juu kidogo na kuona onyo moja, lenye tarehe ya 2009 ndani yake. Hakulielewa. Alichoelewa ni kwamba Mwalimu akiuona mstari ule, atajua kwamba saa haikuwekwa.

Kwa hiyo alipopiga picha ya kioo kwa simu ya shule ili kumtumia Mwalimu na kuomba msaada, alipiga mistari myekundu ya chini tu. Ya juu akaikata.

Mwalimu aliitazama picha ile huko Nyakabere na kufikiri kadiri alivyoweza. Akajibu kwamba ikiwa Noella ameandika sawasawa, basi huenda faili za kwenye flashi zimeharibika. Aziza asiiguse tena mashine mpaka yeye arudi na faili nyingine.

Octave, mvulana wa darasa lao asiyeweza kukaa na neno mdomoni, alisoma jibu hilo juu ya bega la Noella. Kabla ya jua kuzama, shule nzima ilikuwa na habari kwamba flashi ya Aziza ilileta virusi na kuharibu kazi ya wote. Aziza alisimama mlangoni akimtazama Noella, akingoja rafiki yake aseme lolote. Noella akajifanya anasoma. Kesho yake Aziza hakuja.

Ijumaa Mwalimu alirudi na faili safi. Wakafuta zile za Aziza, wakaweka mpya, Noella akaandika tena kipande kilichokosekana, na watu wote wakasogea kutazama.

Hakipatikani.

Noella alitaka kupiga meza, alitaka kulia, na zaidi ya yote alitaka mashine ile itumbukie ziwani. Mwalimu, naye akiwa amekunja uso, akaitwa na mkuu wa shule, akatoka. Octave na wenzake wakaenda nje kupunga hewa. Flashi ya Aziza haikuwamo tena katika habari hii, na kosa lilikuwa lile lile. Basi Noella akafanya alichokataa kukifanya Jumatano. Alipanda hadi mstari wa juu kabisa akausoma polepole kwa Kifaransa chake cha darasani. Ulisema kwamba faili nyingine zina tarehe za siku zijazo, saa ya mashine haiko sawa, na huenda kazi isikamilike.

Akaelewa. Ili isipoteze muda, mashine huangalia tarehe. Ikiona maandishi ni ya zamani kuliko kipande cha maagizo kilichokwisha kutengenezwa kutokana nayo, inaona hakuna jipya, inakiruka. Kila alichosahihisha yeye kilipigwa tarehe ya 2009. Kwa mashine, masahihisho yake yalikuwa mambo ya kale, kwa hiyo iliendelea kutumia kipande kibovu kilichotengenezwa Jumanne, wakati saa ilikuwa sawa, ambacho hawakukifuta walipobadilisha faili.

Akaweka tarehe. Akavifuta vipande vyote vilivyotengenezwa, akahifadhi tena faili, akaanza upya. Mistari ikapita, ikapita, ikafika mwisho bila wekundu wowote. Akaziamuru kompyuta zote nne, nazo zikaanza kuunguruma kwa pamoja.

Wenzake wakarudi mbio. Mwalimu naye akaingia, uso umefunguka, akauliza amefanya nini.

“Ameondosha virusi ya Aziza,” Octave alijibu kwa niaba yake, na watu wakapiga makofi.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Noella aliwatazama wakifurahi, akamkumbuka Aziza pale mlangoni, na sifa zile zikamchoma.

“Hakukuwa virusi,” alisema. “Saa sikuweka, Mwalimu. Nilikudanganya. Na foto nilikata, juu usione.”

Makofi yakafa. Mwalimu Rénovat akachukua koti lake na kumwambia Noella waende pamoja Kalundu, kwa kina Aziza.

Walimkuta Aziza na mama yake wakikunja vitenge vya kuuza. Noella alisema yote mbele ya mama huyo, bila kukata kitu. Aziza alimsikiliza mpaka mwisho.

“Nilimugombeza Iddy ku simu,” alisema. “Nilimwambia ameniaibisha. Na yeye akaniomba musamaha. Minye mwenyewe nilishaamini.”

Noella alilia, na Aziza akaendelea kukunja kitenge kile kile.

Hapo Mwalimu Rénovat akazungumza, akianza na kosa lake mwenyewe.

“Na minye nimekosa, Aziza. Nilikuhukumu kwa nusu ya foto, unisamehe. Weye, Noella, sikia. Mutu akikuomba kweli, umupe yote, hata ile yenye inakuleteya haya. Ukificha nusu, ile nusu ingine nayo inakuwa uongo. Faili za ku ordinatere tumefuta, tumeanza upya, imekwisha. Lakini jina ya mutu haifutwe vile. Weye utapita kwa kila mutu mwenye alisikia, umwambie kweli, moja moja.”

Jioni ile ile Noella alianza na Iddy, kwa simu ya mama Aziza. Kesho yake asubuhi, kabla wazazi hawajafika, alisimama mbele ya Octave na darasa zima, akawaeleza kweli yote. Aziza alikuja pia. Hakukaa karibu na Noella siku hiyo, lakini alikuja.