Siku Houda Aliporudi Redioni

Houda alikuwa na kiwanda kidogo cha unga wa uji kule Gasenyi, kaskazini mwa jiji la Bujumbura. Alisaga mahindi, soya na mtama, akachanganya, akafunga katika pakiti za karatasi. Unga wake uliitwa Tunza. Akina mama wengi waliwapikia watoto wao uji wake.

Kiwandani watu walimwita patroni, yaani bosi. Walimsalimia kwa heshima, kisha wakarudi kazini haraka. Akiingia mahali ambapo watu wanacheka, kicheko kilikatika. Saa ya chakula alikula ofisini, mlango umefungwa.

Nyumbani hakukuwa na tofauti. Houda alikulia mtaa wa Buyenzi, ambako jirani hupiga hodi huku ameshafika ndani. Wazazi wake walipofariki, alihamia mtaa wa Mutanga Nord. Nyumba ilikuwa nzuri, lakini ukuta ulikuwa mrefu na geti la chuma. Kaka yake, Yahaya, aliishi Oman na alipiga simu siku za Idi. Houda hakuwa na mume wala mtoto. Jioni alipika wali wa mtu mmoja, akawasha redio ili nyumba isinyamaze kabisa.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, Houda alisimama karibu na mashini ya kusagia. Simu ikalia.

"Madame Houda? Naitwa Arnaud. Mi ni mwandishi wa habari wa redio. Kuna wamama wa Nyakabiga wanasema unga yako iko na kuvu. Mutoto mmoja yuko hospitali. Unasema nini?"

Houda alishtuka. Habari hiyo hakuwa nayo. Mashini ilinguruma, na hofu ikamjaa kifuani. Hofu ile ikageuka hasira.

"Unga yangu haina shida!" alijibu. "Hao wamama hawajui kutunza unga. Wanaiweka chini karibu na maji, kisha wanalaumu mi."

"Na kiwandani kwako hakuna maji yanayoingia?"

Houda alishusha sauti. "Sikiliza, baba. Hii usitoe redioni. Paa inavuja kidogo. Lakini si sana."

"Asante, madame," alisema Arnaud, akakata simu.

Jioni, Houda akiwa mezani, redio ilisoma habari. Ghafla akasikia sauti yake mwenyewe. "Hao wamama hawajui kutunza unga." Kisha, "Paa inavuja kidogo." Basi. Hayo mawili tu. Ilikuwa kama sauti ya mtu mwingine, mkali na mwongo. Houda aliweka kijiko chini. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, "Hapana, mimi siko hivyo."

Siku iliyofuata, wenye maduka walianza kurudisha pakiti. Fortunat, msimamizi wa stoo, alisimama mlangoni pa ofisi.

"Patroni, maduka ya Nyakabiga yamerudisha zote."

"Fortunat, ulijua bati inavuja juu ya stoo?"

"Nilijua."

"Na maji ilifika kwenye unga?"

"Pakiti za kwenye kona zilipata maji. Tulizikausha, tukazituma."

"Kwa nini hukuniambia?"

Fortunat alitazama viatu vyake. "Patroni, we mutu anaanzaje kukwambia kitu?"

Houda alitazama ule mlango aliozoea kuufunga.

Mchana Arnaud alipiga tena. Alimwalika studio siku ya Ijumaa, katika kipindi cha asubuhi kinachosikika moja kwa moja. Houda alisema atafikiri, akazima simu. Alipoiwasha baadaye alimpigia Yahaya. Simu iliita mpaka ikakatika.

Jua lilikuwa bado halijazama mtu alipogonga geti la nyumbani. Nje alisimama mwanamke mwenye mvi, amejifunga kitenge.

"Amahoro, mudogo wangu. Mi ni Consolate. Tunapakana ukuta."

Walikuwa majirani tangu zamani, lakini Houda alijua sauti ya kuku wake tu.

"Nilifanya kazi ya redio mpaka nikastaafu," alisema Consolate. "Jana nimekusikia. Nikajiuliza, huyu mutu hana wa kukaa naye akamwambia namna ya kusema?"

Houda alitaka kusema kwamba yote ni salama. Machozi ndiyo yaliyotoka. Consolate aliingia bila kungoja kukaribishwa, akatafuta jiko, akabandika maji ya chai.

Walipokaa, Houda alisema, "Ijumaa sitaenda. Nikinyamaza, watasahau."

"Apana. Ukinyamaza, wengine watakusemea. Na watu watasema unaficha kitu."

"Lakini yule kijana alinigeuka! Nilimwambia asitoe habari ya paa."

"Mulikuwa mumepatana hivyo mbele ya kuanza kusema?"

"Apana."

"Basi hakukuvunjia ahadi. Mwandishi si adui yako, na si rafiki yako. Yuko kazini. Kitu hutaki kisikike, usikiseme." Consolate alikoroga chai yake. "Na simu ikilia, usikimbilie kujibu. Uliza ni redio gani. Uliza habari ni ya nini, na jibu analitaka saa ngapi. Mwambie utampigia. Kisha ulizia watu wako, ujue ukweli. Halafu umpigie kweli, usijifiche."

"Sikujua kama naweza kuomba muda."

"Unaweza. Wengi hawajui."

Houda alijifuta uso. "Basi nifundishe maneno mazuri ya Ijumaa."

Consolate aliweka kikombe chini. "Maneno mazuri haizibi paa, mudogo wangu. Tangu jana umefanya nini?"

Houda alikumbuka simu aliyoizima.

"Anza na kazi. Tutatafuta maneno kisha."

Kesho yake Houda alisimamisha mashini. Aliwaita wafanyakazi wote, akawaomba wamweleze kila wanachokijua. Mwanzoni walitazamana tu. Kisha Fortunat akasema, na wengine wakafuata. Unga wote uliokuwa madukani ukaitwa urudi. Pakiti chache, zilizolowa na zisizolowa, zikapelekwa maabara. Mafundi wakapanda juu ya paa na mabati mapya.

Consolate alimwambia neno moja zaidi. "Mbele ya kusema na muji muzima, sema na mama ya yule mutoto."

Houda alienda Nyakabiga peke yake. Aliuliza dukani, akaonyeshwa nyumba ya mama huyo, Nella. Nella alifungua mlango nusu. Mtoto wake, Orlane, alikuwa ametoka hospitali. Alilala mgongoni kwa mama yake, shingo imekuwa nyembamba.

"Mama Orlane, mi ni Houda, mwenye unga ya Tunza. Nimekuja kuomba samahani. Nilisema hamujui kutunza unga. Sikuwa nimeuliza mutu. Nilisema tu."

Nella hakumkaribisha ndani. "Mutoto wangu alitapika mpaka hana nguvu ya kulia. Niko naye hospitali, nasikia redioni mi ndiye muchafu."

"Nimekosa."

"Unanipa samahani hapa mulangoni, tuko wawili. Matusi ulinipa mbele ya watu."

Mlango ukafungwa. Houda alisimama pale kidogo. Watu walipita na ndoo za maji, na hakuna aliyemsalimia. Alirudi kwa mguu, na neno la Nella likamfuata njia nzima.

Jioni alienda kwa Consolate kufanya mazoezi. Consolate alikaa mbele yake, akawa ndiye mwandishi.

"Madame, unga yako inaua watoto?"

"Unga yangu haiui watoto!" Houda alijibu upesi.

"Umeona? Nimekupa neno baya, na we umelirudia. Kesho watu watakumbuka 'unga' na 'kuua.' Neno baya la mwingine usilibebe. Sema ukweli na maneno yako."

Walianza upya. Jibu la pili likawa refu. Houda alieleza mashini, mvua, bei ya mabati, mpaka Consolate akafumba macho.

"Umenichosha. Nani unaongea naye?"

"Watu wote."

"Watu wote hawasikilizi pamoja. Kila mutu anasikiliza peke yake, jikoni kwake, kazini kwake. Chagua mutu mumoja."

Houda alifikiri. "Mama Orlane."

"Ego, ndiyo. Huyo anataka kujua nini?"

"Anataka kujua kosa ni la nani. Na unga iliyobaki nyumbani aifanye nini. Na kama itatokea tena."

"Basi hayo ndiyo ya kusema. Wakikuuliza swali, lijibu, usilikwepe. Kisha rudi kwenye hayo."

"Nikiulizwa kitu sikijui?"

"Sema hujui. Sema utajua lini. Usibahatishe hata kidogo." Consolate aliinua kidole. "Na atanyamaza. Waandishi tunafanya hivyo. Mutu akiona kimya anaogopa, anajaza na maneno ya ovyo."

Houda akatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile. "Kimya mi nakijua, mama. Nakaa nacho kila jioni."

"Hata mi," alisema Consolate. "Zamani simu yangu ililia kutwa. Siku hizi nikiisikia, ni mutu amekosea namba."

Walimaliza chai. Kisha wakarudia maswali yote tangu mwanzo, mpaka majibu ya Houda yakawa mafupi, na yakawa yake mwenyewe.

Ijumaa ikafika. Studio ilikuwa chumba kidogo, chenye baridi. Consolate alibaki nje, kwa sababu hakuruhusiwa kuingia. Houda alikaa peke yake mbele ya maikrofoni. Alisema Bismillahi moyoni. Taa nyekundu ikawaka.

"Madame Houda," alianza Arnaud, "ulisema akina mama hawajui kutunza unga. Bado unasema hivyo?"

"Apana. Nilikosa, na ninaomba samahani mbele ya wote walionisikia. Nilijibu bila kujua. Sasa nimeuliza, nimejua. Paa ya stoo yangu ilivuja, na sehemu ya unga ilipata maji. Kosa ni la kiwanda changu. Si la wamama."

"Kwa hiyo unakubali unga wako ndio uliomfanya yule mtoto augue?"

"Hilo sijui bado. Tumepeleka unga maabara. Majibu yakitoka nitarudi hapa niyasome, hata yakiwa mabaya. Leo ninachoomba ni hiki. Kama uko na pakiti ya Tunza nyumbani, usiipike. Irudishe dukani hata kama umeifungua, utapata pesa yako. Na mutoto akitapika au akiharisha, mupeleke kwa daktari, usingoje."

"Wafanyakazi wako walijua paa linavuja?"

Houda aliliona shimo. Angeweza kumtaja Fortunat, na mzigo ungemtoka mabegani.

"Mi ndiye mukubwa wa kiwanda," alisema. "Kama watu wangu waliogopa kuniambia, hilo pia ni langu la kutengeneza."

Arnaud hakuuliza kitu. Alimtazama, akangoja. Houda naye akangoja, mikono imetulia mezani. Mwishoni Arnaud ndiye aliyekohoa na kwenda kwenye swali jingine.

Kipindi kilipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Consolate alimshika mkono, wakapanda teksi. Houda alidhani simu italia, watu wakimpongeza. Haikulia. Jioni alikula peke yake, na redio ilikuwa ikisema habari za watu wengine. Alilala akiwa na wasiwasi, lakini hakuwa na aibu.

Majibu ya maabara yakatoka. Unga uliolowa ulikuwa na kuvu. Ule mwingine ulikuwa safi. Houda alirudi redioni kama alivyoahidi, akasoma majibu yote, mazuri na mabaya. Alieleza kwamba sasa pakiti zinapangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na kwamba pakiti yoyote iliyopata maji inatupwa. Duka la kwanza likaagiza unga, kisha la pili. Biashara haikurudi yote. Ilirudi polepole, kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Kiwandani pia mambo yalibadilika. Fortunat alianza kugonga mlango wa ofisi kwa mambo madogo kabisa: msumari uliolegea, panya aliyeonekana uani. Mara nyingine alichelewa kutoka, kwa maana mazungumzo yalikuwa yamenoga.

Mvua zilipokwisha, mwanamke mmoja alifika kiwandani akimshika mkono mtoto wa kike. Alikuwa Nella. Orlane alikuwa amenenepa, na alitaka kugusa kila kitu.

"Sikuja kununua," alisema Nella. "Nimekuja kuona kama ulisema kweli."

"Karibu, Mama Orlane. Uliza chochote."

Houda alimtembeza mwenyewe. Nella alitazama juu kwenye bati, akainama akatazama chini ya mbao. Aliingiza mkono kwenye mahindi. Aliuliza maji yanatoka wapi, soya inakaangwa muda gani, nani anaosha mashini. Houda alijibu alilojua. Asilolijua alimwita Fortunat, akajibu yeye.

Walipofika nje, Nella alimbeba mtoto wake.

"Siku ile redioni," alisema, "uliongea kama unaongea na mi."

"Nilikuwa naongea na we."

Nella aliitikia kwa kichwa taratibu. Alimfunga Orlane mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo.

"Basi Jumamosi nitarudi na wamama wa mutaa wetu," alisema. "Na wao wako na maswali."

"Waje," alijibu Houda. "Waje wote."