Sentensi Mbili za Jephté

Risasi ya pili ilivunja kioo cha pikipiki yake.

Chimène hakupunguza mwendo. Aliikaza TVS mpaka injini ikalia, waendesha toleka wakatawanyika na baiskeli zao, akamgonga yule mtu aliyempiga risasi kabla hajafika kwenye ngazi za bandari. Bastola ikazama mtoni. Simu ya setilaiti ya mtu huyo, Thuraya nyeusi, ikabaki mkononi mwa Chimène.

Ujumbe ulikuwa mmoja: "Mtandao unakatika saa tano. Sentensi mbili ziko ndani tayari."

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi. Akampigia René, mkuu wake katika idara ya siri, akamsomea.

"Tonton, sentensi gani?"

"Ile kampuni ya malipo ya Makiso. Programu yao ya akili bandia inatuma mishahara ya wauguzi leo. Haijui kitu. Inasoma tu maelezo ya kila kifaa, ya kutuma pesa ao ya kuirudisha, inafanya vile maelezo inasema. Donc, mutu amegeuza maelezo."

"Izime."

"Wenye ufunguo biko Kinshasa, habajibu. Lakini maelezo unaweza kuandika upya ku bureau yao. Kimbia!"

Chimène akageuza pikipiki. Kazi ya kuandika maelezo hayo ilikuwa ya mtu mmoja, na wiki mbili zilizopita mtu huyo alikwenda Yanonge na vitenge na kreti za bia, akamposa Chimène kwa baba yake.

Jephté.

Alimkuta ofisini, peke yake mezani. Jephté alitabasamu kwanza. Kisha akaiona bastola, Glock, mkononi mwake.

"Chimène? Weye ni nani?"

"Fungua maelezo ya kifaa cha kurudisha pesa."

Yakatokea kwenye kioo cha kompyuta. "Tumia malipo yakichelewa. Tuma kwenye namba iliyo katika ombi."

Fupi, safi. Ndivyo alivyomwandikia Chimène kila asubuhi, bila neno la ziada. Mtandao wa simu ukikatika, malipo yote yangechelewa. Programu ingedhani inarudisha pesa, kumbe inazipeleka kwenye namba ambazo walanguzi wa dhahabu wa Bafwasende wameziandika katika maombi. Nao walizisubiri kununua bunduki.

"Juu ya nini, Jephté?"

"Balinionesha picha yako, ukitoka kwa soko. Balisema batakuua."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie nini? Ulisema uko mwalimu ku lycée."

Neno hilo lilimwingia kuliko risasi yoyote. Mwaka mzima alikuwa amemdanganya.

Dakika sita.

Alivuta kibodi, akaandika: "Usitumie malipo yakichelewa."

"Haitoshi," Jephté alisema taratibu. "Iambie iangalie nini kwanza. Iambie isimame wapi."

"Sema."

Akamsomea, naye akaandika, mabega yao yakigusana kama jikoni siku ya Jumapili. "Hurudisha pesa kwa aliyelipa tu. Malipo yakichelewa, usitumie. Angalia kwanza hali ya malipo. Namba isipofanana na ya aliyelipa, simama, uulize mtu."

Akahifadhi.

Saa tano.

Mtandao wa simu ukakatika. Malipo mia tatu na kumi na mawili yakaganda. Maombi ya walanguzi ya kurudisha pesa yakamiminika kwa setilaiti. Chimène alishika ukingo wa meza.

"Namba haifanani na ya aliyelipa. Nimesimama. Nasubiri mtu."

Mstari huo wa programu ukajirudia mpaka ukajaza kioo. Hakuna faranga hata moja iliyotoka.

Redio kiunoni mwake ikakoroma. "Tumebashika, batu tisa, barabara ya Bafwasende," René alisema. "Mwenye aliandika, iko wapi?"

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Jephté aliutazama, kisha akamtazama yeye. Hakutikisika.

Chimène angeweza kusema ametoroka.

"Iko hapa, tonton. Hana silaha. Musimupige."

Jephté alinyoosha mikono mwenyewe. Askari wa René wakaingia, pingu zikafunga.

"Ungekuwa mwalimu muzuri," alisema.

Chimène alimwacha kwa askari, akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi bila kugeuka. Nje, jua la Makiso lilikuwa kali. Akaiacha pikipiki yake pale, akapanda nyuma ya baiskeli ya toleka.

"Tunaenda wapi, mama?"

Alifungua mdomo ataje nyumba ya komuni ya Tshopo, ile yeye na Jephté waliyokwisha kulipia, yenye milango iliyopakwa rangi juzi.

"Mbele tu," alisema badala yake. "Enda mbele."