Ng'ombe wa Baba Walirudi Wote

Nina miaka thelathini na mbili, na ninayo shahada ya uzamili ya teknolojia ya fedha. Picha yangu ya mahafali iko chini ya godoro. Baba yangu mzazi hajawahi kuiona, na hajawahi kuiulizia.

Ndugu wasomaji, sitaki mnionee huruma. Nisikilizeni tu...

Mimi ni mzaliwa wa Nambis, wilaya ya Mbulu. Nilikuwa karani kwenye ofisi moja ya mikopo pale Mbulu mjini nilipopata nafasi ya kusoma uzamili. Mama alishafariki, tulibaki mimi na baba tu. Baba akauza madume mawili bila kunung'unika, akaniambia nisome, mengine nimwachie yeye.

Chuoni nilijiona nimefika! Asubuhi mikopo ya simu, mchana dhamana za kidijitali, jioni najitazama kwenye kioo. Darasani alikuwepo kijana mmoja, nitamwita Deo. Mpole, msafi, fundi wa kutengeneza programu za simu. Nikampenda jamani, nisiwadanganye. Akaniahidi ndoa.

Ulipofika wakati wa tasnifu, msimamizi wangu alizikataa mada zangu tatu. Alisema kila mtu ameshaziandika, nitafute kitu cha kwetu. Cha kwetu? Nikawakumbuka ng'ombe wa baba.

Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye boma lake. Humpa rafiki mmoja hapa, mwingine kule. Rafiki anachunga, anakunywa maziwa, anapata samadi, ila ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukipiga boma moja, wa kwingine wanapona. Na hiyo ni siri ya watu wawili. Hakuna karatasi. Mbele za watu ng'ombe ni wa yule anayemlisha, na heshima ni yake. Hata mke wakati mwingine haambiwi! Baba alikuwa na marafiki kumi na mmoja wa namna hiyo, kuanzia Endagikot mpaka Masakta kule Hanang, na wote aliwaweka kichwani.

Nikaona hapa ndipo penyewe. Nitabuni mfumo wa simu wa kuwasajili ng'ombe hao, ili mwenyewe aweze kuwakopea benki. Nikaenda nyumbani kumwomba baba majina. Alikwangua kwanza tope kwenye buti zake.

"Nakupa kwa sababu wewe ni mtoto wangu," akasema. "Yasitoke kwako."

Nikamwahidi kwa jina la marehemu mama.

Ahadi hiyo haikumaliza wiki mbili... Nilimpa Deo daftari zima, majina na namba za simu, ayaingize kwenye mfumo. Nilimwambia aweke majina ya kubuni. Akasema majaji wa shindano wanataka data halisi. Shindano gani tena? Ndiyo kwanza nasikia! Kumbe alishaupeleka mfumo wangu kwenye shindano la ubunifu, jina lake likiwa la kwanza. Siku hiyo nilimnunia. Kesho yake akaniambia zawadi ndiyo itakayogharamia harusi yetu, nikalainika kama uji. Mapenzi haya!

Siku ya shindano nilikaa mstari wa mbele. Deo alieleza vizuri, akasema sasa anaonyesha mfumo unavyofanya kazi, akabonyeza. Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi... Muda uleule simu kumi na moja zililia huko Mbulu na Hanang. Ujumbe ulisema ng'ombe walioko kwako si wako, ni mali ya fulani, likifuata jina kamili la baba yangu.

Masakta, Mzee Boay, rafiki wa baba tangu ujana wao, alikuwa amekaa na wakwe watarajiwa wa mwanawe. Wageni walikuwa wameliangalia boma lake wakaridhika. Yeye hasomi vizuri, hivyo akampa mgeni mmoja simu amsomee. Mgeni akasoma kwa sauti, watu wote wanasikia. Wakaaga kwa adabu, na hawakurudi tena.

Nilifika nyumbani siku ya tatu. Ng'ombe walikuwa wanarudi. Watu waliwaleta mchana kweupe, wakawafunga langoni, wakaondoka bila kumsalimu baba. Watu aliowasimamia ubatizo wa watoto wao! Hakuna aliyetukana. Boma likajaa mpaka pa kukanyaga hapakuwepo. Jirani mmoja akapita akasema kumbe mzee ni tajiri hivi. Baba aliegemeza paji la uso kwenye fito za boma, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku ya kumzika mama.

Nilipiga magoti kumwomba msamaha. Akanijibu, "Nenda ukamalize shule yako."

Majani hayakuwatosha. Wakakonda, kisha homa ya mapafu ikaingia. Bwana mifugo alisema wamebanana mno, mmoja akikohoa wote wanapata. Wangekuwa wametawanyika kama zamani... lakini nani angewapokea? Tulichimba mashimo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walibaki watatu.

Na Deo? Alishinda! Jina langu halikutajwa jukwaani. Baada ya zawadi simu zangu zikawa hazipokelewi, na ndoa ikaishia hapo. Ningeweza kumlaani kila siku. Lakini lile daftari, nani alimkabidhi?

Mwaka huu nimepata kazi, nikanunua mtamba mmoja mzuri. Nikampeleka Masakta kwa Mzee Boay, nikampa shikamoo, nikamwomba aniwekee kama alivyomwekea baba. Alimshika mtamba shingoni, akamsifia. Kisha akatoa simu yake ya vitufe.

"Mwanangu, ule ujumbe bado umo humu. Mimi sijui kufuta. Nifutie."

Nikaufuta. Akanishukuru sana, akaniletea maziwa kwenye kibuyu, nikanywa. Lakini akakataa kumpokea mtamba wangu. Nikarudi naye.

Sasa yuko kwa baba. Nikimsalimia baba ananiitikia marahaba, basi, anaenda zake kukata majani.

Wewe unayesoma haya ukiwa chuoni na mada imekushinda, nakusihi... Mzazi akikuambia neno lisitoke kwako, lisitoke. Usimpe mchumba, usimpe msimamizi, usiliweke kwenye mashine yoyote. Andika mada iliyochakaa, upate C yako, urudi nyumbani baba akupokee mlangoni.

Mimi nilipata A.